Banda wazi au ukumbi wa kuta? Kuchagua jengo la yoga msituni Lindi na Mtwara

Dada mmoja anayefundisha yoga alinijia na picha mbili kwenye simu. Amerithi shamba kwa marehemu baba yake, nje kidogo ya Lutamba, mkoani Lindi, upande ule ambao mikorosho inaishia na msitu unaanza. Anataka wageni wake waje wakae siku tano au saba, wafanye mazoezi asubuhi na jioni, walale, wale, warudi kwao wamepumzika. Picha ya kwanza ilikuwa ya banda wazi la makuti, sakafu ya mbao imeinuliwa juu ya nguzo, pande zote nne hakuna ukuta. Ya pili ilikuwa ukumbi wa matofali, madirisha makubwa, bati la kijani.

"Fundi, nichagulie moja, nianze kununua vifaa."

Nilimwomba tusichague kwanza. Tulikwenda shambani, tukalala huko usiku mmoja kwa jirani, tukazunguka asubuhi na jioni. Haya ninayoandika ndiyo tuliyoyapima, nikayaongezea na niliyoyaona kwenye majengo mengine niliyochora huku kusini. Nitasema mapema ninakoelekea ili usisome kwa kubahatisha: mimi nachukua paa la ukumbi, uwazi wa banda, na jengo lenyewe nalitoa ndani ya msitu nalikalisha ukingoni. Lakini yako mazingira ambayo ningechagua kinyume chake, nayo nitayataja.

Msitu wa nani?

Swali hili linatangulia ramani yoyote. Kama msitu ni hifadhi, kwa mfano Litipo au Rondo, huendi kujenga eti kwa sababu shamba lako limepakana nao. Wenye mamlaka ni Wakala wa Huduma za Misitu. Kama ni msitu wa kijiji, neno ni la halmashauri ya kijiji na mkutano mkuu wa kijiji, kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 na Sheria ya Misitu ya 2002. Mgeni asiye raia hamiliki ardhi ila kwa ajili ya uwekezaji, kwa utaratibu wake. Na kituo cha kulaza watu ndani ya mazingira kama haya usikianze kabla hujafika NEMC, wasimamizi wa mazingira wa taifa, ukaambiwa tathmini ya mazingira inayokuhusu ni ya namna gani. Ukiwa karibu na ziwa kama Lutamba, au mto, Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakutaka ukae mita 60 kutoka ukingoni mwa maji.

Haya ni ya karatasi. Kuna lingine lisiloandikwa popote, nalo kwangu lina uzito uleule. Wamwera, Wamakonde, Wayao na Wamakua wamekuwa na maeneo ya msituni ya jando na unyago, na pengine makaburi ya wazee. Kwa jicho la mgeni sehemu hizo ndizo zinazovutia kuliko zote: miti mikubwa, chini pamefagiliwa, kimya. Yule dada alipapenda pahala pa namna hiyo siku ya kwanza tu. Tukampitia mzee wa jirani, shikamoo, marahaba, tukakaa barazani, tukaeleza shida yetu. Mzee alisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Pale mwanangu pana kazi yake. Sogea upande wa mkorosho wa babako." Hakueleza zaidi, nasi hatukuuliza. Tulisogea.

Ukubwa ni uleule kwa vyote viwili

Hapa hakuna cha kulinganisha. Mkeka wa yoga una urefu wa sentimita 180 hivi na upana wa sentimita 60. Mtu akinyoosha mikono pembeni asimguse mwenzake anahitaji kama mita 3 za mraba. Watu 20 ni mita 60 za mraba, ongeza nafasi ya mwalimu na njia ya kupita, unafika 75. Tukachukua mita 7.5 kwa 10. Katikati pasiwe na nguzo hata moja, kwa sababu nguzo inamziba mwalimu na inavunja mistari ya mikeka. Kwa hiyo kenchi zivuke mita 7.5 zote, na hiyo ni kazi ya fundi anayejua, iwe ni banda au ukumbi. Urefu wa ndani usipungue mita 3.

Paa: hapa ndipo pesa na usingizi vinapopotea

Nianze na makuti, maana ndiko mioyo ya wengi iliko. Makuti mazuri, yaliyoshonwa kwa kubana na kupangwa kwa karibu, ni paa tulivu kuliko yote ninayoyajua. Mvua ikinyesha unasikia mchakacho tu. Saa 8 mchana ndani kuna ubaridi. Harufu yake mpya ni ya pwani. Mafundi wa kuezeka wapo Mchinga, Kilwa, Mikindani, na pesa inabaki kwa jirani.

Sasa yatazame makuti hayohayo chini ya miti. Ufukweni upepo wa chumvi na jua vinayakausha kila siku, ndiyo maana yanakaa miaka. Msituni kivuli hakiondoki, majani yanaanguka juu yake na kuoza, na kuti lililolowa Januari bado lina unyevu Machi. Linaanza kuota ukungu wa kijani, kisha linalegea, kisha linavuja. Nimeona banda la namna hiyo likiezekwa upya kabla ya masika ya nne. Na kuna jambo ambalo mwenye hoteli ya kawaida halimsumbui, lakini kwenye yoga linasumbua kila siku: makuti yakizeeka hudondosha unga na vipande vidogo vidogo. Mteja wa baa hajali. Mtu aliyelala chali kwenye savasana, ule mkao wa mapumziko, macho yamefumbwa, dakika kumi hajisogezi, ndiye anayevipokea usoni.

Bati nalo lina kosa moja kubwa, na nalijua kwa kuwa nililifanya mimi. Ukumbi wa kwanza wa mazoezi niliouchora niliuezeka bati tupu, bila dari, kwa sababu mwenye nyumba alitaka kuona kenchi zilivyopangwa na mimi sikubisha. Mvua ya kwanza ya Desemba ilipoanguka kulikuwa na darasa. Mwalimu alikuwa mita tatu mbele ya mstari wa kwanza, midomo inacheza, sauti haifiki. Watu wakabaki wameinama, vidole chini, wakisubiri neno la kuinuka ambalo hawakulisikia. Mmoja mmoja wakaanza kugeuza shingo kuangalia jirani anafanya nini. Toka siku ile sichori bati bila dari kwenye jengo ambalo sauti ya mtu ni sehemu ya kazi yake.

Dari yenyewe si lazima iwe singibodi. Mianzi iliyopasuliwa ni nzuri; majamvi ya miyaa yaliyobanwa kwa fito ni mazuri zaidi, yanakula mwangwi. Acha nafasi ya nusu mita au zaidi kati ya dari na bati, na upande wa juu kabisa, kwenye paji la paa, acha tundu la hewa pana lenye wavu mgumu. Hewa ya moto inatoka pale. Bila wavu, popo wataingia wiki ya kwanza, na harufu ya mavi ya popo ukishaipata juu ya dari huitoi mpaka uivunje dari. Bati liwe geji 28, si 30. Geji 30 ni jembamba, linacheza kwa upepo na kupiga kelele zaidi. Ukiwa karibu na bahari, upande wa Msimbati au Mikindani, chumvi inakula bati na misumari kwa haraka, kwa hiyo makuti yanarudi kwenye mashindano.

Kilichoamua kwa yule dada si sauti. Ni maji. Paa la ukumbi wetu, pamoja na upenu wa mita moja na nusu kila upande, lina mita za mraba 136 na ushee. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tukichukua mvua ya milimita 900 kwa mwaka, na tukiacha sehemu moja ya tano ipotee, paa hilo linakusanya karibu lita 98,000. Makuti hayatakupa maji hayo. Yanachuja maji yakatoka na rangi ya chai. Tukaweka kwenye hesabu matangi manne ya lita 10,000. Yakiwa yamejaa mvua zinapokatika, kwa kiangazi cha miezi sita unapata zaidi kidogo ya lita 220 kwa siku: za kunywa, kupika na kunawa kwa watu 20, si za kuogea. Mtu asiyeishi Rondo au juu ya uwanda wa Makonde anaweza kuona hili ni jambo dogo. Waliokulia Newala wanajua mama zao waliteremka wapi kufuata maji, na walipanda na ndoo wakati gani.

Upepo pia. Lindi ilipigwa na kimbunga mwaka 1952, na wazee wanakitaja mpaka leo. Aprili 2019 kimbunga Kenneth kiliingilia Cabo Delgado, Msumbiji, ng'ambo ya Ruvuma, watu wa Mtwara wakahamishwa kwenye maeneo ya usalama. Mei 2024 tukapata Hidaya, na barabara ya kwenda Dar es Salaam ikakatika. Banda wazi lina udhaifu wake hapa: upepo unaingia chini ya paa na kulisukuma juu kama mwavuli. Ukilichagua, nguzo zichimbiwe na kushikwa kwenye zege, na kila kenchi ifungwe kwenye nguzo kwa ukanda wa chuma na bolti. Misumari mitupu haitoshi. Ukumbi wenye mkanda wa zege juu ya kuta una pa kufungia paa tangu mwanzo.

Sakafu: mbao juu ya nguzo, au zege

Mafundi wetu sakafu ya zege huiita jamvi, jina lilelile la mkeka wa kukalia, nami kila nikichora jengo la yoga nalikumbuka neno hilo, maana hapa kweli sakafu ndiyo wanapokalia watu.

Sakafu ya mbao iliyoinuliwa ina hoja nzuri. Maji ya mvua yanapita chini yake, mizizi haikatwi, mijusi na kanga wa porini wanaendelea na njia zao. Goti likitua juu ya ubao linapokelewa. Likitua juu ya zege linagonga. Kwenye mteremko, ubao unakuokoa gharama ya kuchimba na kujaza.

Lakini yafuatayo yaangalie kwa makini. La kwanza ni mtikisiko. Boriti za chini zikiwa mbalimbali, mtu mmoja akitembea nyuma kwenda kuchukua maji, wote walio mguu mmoja kwenye mkao wa mti wanayumba. Boriti zikae sentimita 40 kutoka moja hadi nyingine, na ubao usiwe mwembamba. Hiyo ni mbao nyingi kuliko wengi wanavyokadiria. La pili ni mchwa. Nilikwenda kuona banda moja la miaka mitatu, sakafu imepakwa vanishi inang'aa. Nikapiga nguzo ya pembeni kwa kifundo cha kidole: ko, ko, imara. Nikapiga ya pili yake: sauti ikawa kama ya kopo. Nilipoingiza ncha ya kisu ikazama mpaka mpini, na ndani mlikuwa na udongo mwekundu mahali ambapo palikuwa na mti. Nje rangi ilikuwa haijapasuka hata kidogo. Nguzo ya mbao isiguse udongo kabisa. Ikae juu ya kitako cha zege chenye bamba la chuma, na kitako kionekane chote ili njia ya mchwa ionekane ikianza kujengwa.

La tatu ni mbao zenyewe zinatoka wapi. Mkongo na mninga ni mbao za kudumu, lakini kujenga nyumba ya kuwaalika watu waje kuupenda msitu, kwa mbao iliyokatwa usiku bila kibali, siwezi kuichorea ramani. Dai mbao iliyogongwa nyundo, yaani yenye alama ya maofisa misitu, na hati ya kusafirishia. Kilwa wako wanavijiji waliojipanga vizuri: Kikole na Kisangi misitu yao iliingia kwenye cheti cha FSC, cha kimataifa cha misitu inayovunwa kwa uangalifu, mwaka 2009, na mpingo wao ukapata soko la heshima. Kwa sakafu mimi napenda mtiki wa kupandwa, ambao huku kusini unapatikana, na mchwa hauupendi sana. Mpingo waachie wachongaji.

Zege lina wepesi wake. Saruji inatengenezwa hapahapa Mtwara, mchanga upo, fundi mwashi yuko kila kijiji. Halitikisiki, haliliwi, unalimwagia maji na kulipiga deki. Lina ubaya wa unyevu: bila nailoni chini ya jamvi, masika mikeka italowa kutoka chini na watu watadhani ni jasho. Usiweke taili. Taili na unyevu wa pwani na mikono yenye jasho ni mtu kuteleza akiwa kichwa chini. Saruji laini iliyosuguliwa na kutiwa rangi nyekundu, kama zile sakafu za nyumba za zamani za bibi zetu, inashika mguu vizuri na inapendeza.

Zege haliwezi kuingia katikati ya miti bila kuumiza. Msingi unakata mizizi, na mti mkubwa uliokatwa mizizi ya upande mmoja hauanguki mwaka ule. Unaweza kuanguka miaka kadhaa baadaye, siku ya upepo. Kwa hiyo ukiamua lazima uwe ndani ya msitu, chukua mbao juu ya nguzo, na uigharimie ipasavyo. Ukikubali kukaa ukingoni, zege linashinda.

Kwa nini ukingoni

Yule dada hapa alinibishia sana. "Wageni wanataka msitu, kaka, si shamba la korosho." Nikamwomba akae mahali paliposafishwa zamani, mgongo upande wa mikorosho, uso upande wa miti. Ilikuwa saa 12 asubuhi, kima wanashuka. Kutoka pale alikuwa anauona msitu wote: shina, katikati, na vilele vinavyopata jua kwanza. Kisha tukaingia ndani hatua hamsini. Aliona mashina manne na giza. Ndani ya msitu huuoni msitu. Unaona mti ulio mbele yako.

Ukingoni paa linapata jua la kulikausha. Matawi makavu hayakuangukii. Hukati mti wowote, na kibali kinakuwa na maneno machache. Kwenda ndani ya msitu wageni wanakwenda kwa miguu, mmoja mmoja, kimya, na msitu unabaki mali ya komba na ndege. Pale Rondo kuna komba mdogo anayeitwa kwa jina la mahali hapo, mmoja wa jamii za nyani zilizo hatarini duniani; taa za ukumbi zinazowaka usiku kucha ndani ya makazi yake hazimfai.

Ukingo nao una taabu yake, na ni vizuri uijue. Msimu wa kupuliza dawa mikorosho, mashine zinaunguruma alfajiri na vumbi la salfa linasafiri. Niliwahi kuona mikeka iliyoachwa nje usiku, asubuhi imepakwa unga wa njano mpauko, na darasa zima lina macho mekundu. Ongea na majirani mapema, mjue siku zao za kupuliza, na kalenda ya wageni ifuate kalenda ya korosho, si kinyume chake. Halafu kuna moto kichaa wa Agosti mpaka Oktoba. Ukumbi uzungukwe na ardhi iliyofyekwa na kufagiliwa ya mita kumi au zaidi upande wa nyasi, na barabara ya kuzuia moto ilimwe kila mwaka kabla ya Julai kwisha. Kama unataka makuti na uko ukingoni, hili ndilo la kukuogopesha: cheche moja tu inayoruka.

Kuta, au kutokuwa nazo

Kwa hewa na macho, banda wazi halina mpinzani. Watu huja kutoka kwenye ofisi zenye viyoyozi. Ukiwafungia tena ndani ya kuta nne umewanyima walichokifuata. Nyumba zetu za asili zilijua hili: ndani giza la kulala, nje baraza yenye upenu mrefu, na maisha yote yako barazani.

Mvua ya ubavuni ndiyo inayolishinda banda. Upenu wa mita moja na nusu unazuia mvua inayoanguka wima, lakini ikisukumwa na upepo inafika mkeka wa tatu. Na jioni kuna mbu. Saa 12 na nusu, watu wamelala chali, mikono wazi, na hii ni mikoa yenye malaria. Udi hautoshi. Wavu ukiuweka pande zote unapunguza upepo sana, kwa hiyo uwazi wenyewe lazima uwe mkubwa kuliko dirisha la kawaida.

Tulichokichora ni hiki. Upande wa mashariki na wa magharibi, zile kuta fupi, tofali mpaka juu, maana jua la asubuhi na la jioni linapiga kutoka huko likiwa chini, na ukuta mzima unahitajika kwa mazoezi ya kuegemea na kupandisha miguu. Pande mbili ndefu, kaskazini na kusini, ukuta mfupi wa sentimita 45 wa kukalia kama baraza, juu yake wazi mpaka kwenye mkanda, na mapazia ya wavu yanayoshushwa saa 12 jioni. Lindi iko nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linakaa kaskazini sehemu kubwa ya mwaka na linahamia kusini kuanzia Oktoba hivi mpaka Februari. Kwa kuwa wakati wote huo liko juu, upenu unatosha kulizuia pande zote mbili. Kusi likivuma linaingia upande wa kusini na kutoka kaskazini bila kugonga ukuta.

Yule dada alikuwa na wasiwasi kwamba salamu ya jua, ule mfululizo wa mikao ya yoga, bila kuona jua linachomoza haina maana. Tukatoboa ukuta wa mashariki tundu moja jembamba, lefu, kutoka sakafuni mpaka mita mbili. Jua likichomoza mstari wa mwanga unaingia na kutembea juu ya sakafu nyekundu.

Mahali pakibadilika, chaguo linabadilika

Rondo, kwenye mwinuko unaozidi mita 800 sehemu za juu, asubuhi ya Julai kuna ubaridi wa kweli na ukungu. Huko ukumbi wenye kuta tatu na upande mmoja wazi ni bora, na sakafu ya mbao inapata pointi kwa kuwa zege litawatia watu baridi mgongoni. Newala, kwenye ukingo unaotazama bonde la Ruvuma, upande wa Shimo la Mungu, upepo wa mtelemko ni mkali na maji ni taabu. Bati na matangi bila mjadala, na jengo lirudi nyuma ya ukingo. Msitu mdogo wa pwani, karibu na Mikindani au Msimbati, hewa haina baridi hata siku moja, chumvi inakula chuma, makuti na mafundi wake wako jirani: huko banda wazi la makuti ndilo ningelichora, mahali penye jua la kulikausha, na pesa ya kuezeka upya itengwe kila mwaka badala ya kusubiri livuje. Ndani kabisa ya bara, Liwale au Nachingwea, weka na tembo kwenye hesabu. Maembe na matangi ya maji karibu na ukumbi ni mwaliko.

Kama bajeti yako ni ndogo na unataka kujaribu msimu mmoja kwanza, usijenge lolote kati ya haya. Safisha kiwanja, mwaga jamvi dogo la watu wanane, simamisha paa jepesi la mirunda na turubai zuri, ufundishe kuanzia Juni mpaka Oktoba. Utajifunza mbu wanatoka upande gani.

Vigingi vya ukumbi wa Lutamba tumeshavipiga. Kona moja ilikuwa inaangukia juu ya mzizi wa mkongo uliokuja mbali kuliko tulivyodhani, umetokeza juu ya ardhi kama mgongo wa ng'ombe. Tulilisogeza jengo zima mita moja na nusu kuelekea mikorosho, tukavuta kamba upya. Limebaki jambo moja hatujakubaliana: yeye anataka mlango wa kuingilia uwe upande wa msitu, mimi nataka uwe upande wa mikorosho, ili mtu avue viatu, apite gizani kidogo chini ya dari ya miyaa, ndipo miti imtokee yote kwa pamoja. Nimemwambia alale pale usiku mmoja zaidi kabla hatujachimba.